Tomasi wa Kariakoo: siku tano kwenye reli ya Tanga

Siku ya kwanza, Alhamisi: Dar hadi Tanga

Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na nyumbani tunamwita Bwana Mdogo. Ana Tomasi, yaani Thomas, lile garimoshi lenye uso la kwenye katuni za watoto. Nilimnunulia Kariakoo kwa mtu aliyetandaza turubai chini, na kwa haraka ya kuwahi daladala sikukikagua: kigarimoshi cha plastiki, cha buluu, uso mweupe wa mviringo mbele, jicho moja likitazama reli na jingine likimtazama muuzaji. Ubavuni kimeandikwa 7. Mtoto hakujali. Aliyejali ni mdogo wangu.

"Dada, umepigwa. Thomas ni namba moja. Saba ni ya Toby, na Toby wala si wa buluu, ni wa kahawia, tena ni tramu."

Mdogo wangu ana miaka thelathini na moja, anauza vipuri vya magari, na hana mtoto. Ni katika wale watu wanaosimama juani saa nzima kwenye kivuko cha reli ili wapige picha kichwa cha treni ya mizigo, kisha wakurushie ukiwa kazini na wategemee useme kitu. Ana rafiki yake wa aina hiyohiyo. Huyo angalau ana binti wa miaka minne wa kumsingizia.

Safari yenyewe ilizaliwa na kilio. Tulimpandisha Bwana Mdogo treni ya umeme kwenda Morogoro, ile yenye pua ndefu ambayo watu wameibatiza Mchongoko. Aliitazama mbele, akaitazama ubavuni, akasema, "Ina pua, mdomo haina." Halafu akauliza moshi unatokea wapi. Tulipomwambia hautokei, alilia mpaka Pugu. Abiria walidhani kapigwa.

"Twende Tanga kwa Babu," mjomba wake akasema. "Treni za moshi zilianzia kule."

Basi tumeondoka leo alfajiri, watu sita: mimi, Bwana Mdogo, dada yake wa miaka tisa, mdogo wangu, rafiki yake na binti yake. Tumekwenda kwa basi, jambo ambalo mashabiki wa reli wawili wamelionea haya njia nzima. Kuanzia Chalinze, rafiki alikuwa akinisimulia habari ya huyu Thomas, na nakiri nilikuwa nimejiandaa kulala, lakini sikulala. Aliyemtunga alikuwa kasisi wa Kiingereza, Wilbert Awdry. Wakati wa vita vya pili mwanawe Christopher aliugua surua, akafungiwa chumbani, na baba akawa anamliwaza kwa hadithi za magarimoshi yanayosemezana. Baadaye akamchongea kigarimoshi cha mti. Kitabu cha kwanza kilitoka 1945, na Thomas mwenyewe aliingia katika cha pili, 1946. Kwenye televisheni ya Uingereza alifika 1984. Surua! Mimi nilipougua surua nilipakwa dawa na kuambiwa nisitoke nje, hakuna aliyenitungia chochote.

Segera, kwenye foleni ya choo, Tomasi alidondoka sakafuni na ndoano yake ya nyuma ikavunjika. Ile ndoano ndiyo inayovuta vibehewa viwili. Kilio cha pili.

Tulishuka stendi ya Kange jioni, bajaji mbili mpaka Ngamiani. Babu alikuwa barazani na kanzu yake ya nyumbani.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba, mume mwenzangu. Umekuja kuniibia mke?" Mke ni bibi, ambaye alikuwa jikoni akikaanga samaki na hakugeuka. Dada mtu yeye ni "mke wangu mdogo", na hilo huwa linamfanya acheke mpaka ajifiche nyuma yangu.

Baba yangu alianza kazi ya reli 1967, enzi za shirika la Afrika Mashariki, akiwa kijana wa kuchochea moto, akapanda akawa dereva, akastaafu. Alikipokea kile kigarimoshi, akakigeuza juu chini kama anayekagua kuku sokoni.

"Hili halina breki." Akakigeuza tena. "Na macho ni ya nini? Gari moshi huona kwa macho ya dereva."

Bwana Mdogo alimtazama kama mtu aliyetukaniwa ndugu.

Siku ya pili, Ijumaa: Stesheni

Mji wa Tanga umekatwa na reli. Upande wa bahari kuna majengo ya Wadachi, bandari na bustani. Upande wa pili ni Ngamiani yetu na barabara zake za namba. Ukikua Ngamiani unaivuka reli kila siku bila kuifikiria, kama mtu asivyofikiria kizingiti cha mlango wake. Leo nimeifikiria.

Babu alitutangulia na fimbo. Mahali pa kuvukia alisimama akawaonyesha watoto mataruma ya chuma. Huku mchwa wanakula mti, akasema, na Mdachi alilijua hilo mapema. Akawapimia upana wa njia kwa fimbo: mita moja. Dada mtu akajaribu kulala katikati ya reli mbili aone kama anatosha, nikamnyanyua kwa sikio.

Historia aliitoa mdogo wangu, kwa kasi ya mtu anayeogopa kunyang'anywa zamu. Ujenzi ulianza hapa Tanga 1893, miaka mitatu kabla Waingereza hawajaanza yao Mombasa. Kufika Muheza, kilomita arobaini tu, kulichukua mpaka 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua 1899. Korogwe walifika 1902, Mombo 1905, Moshi 1911.

"Kilomita arobaini kwa miaka mitatu?" niliuliza. "Hata mimi na jembe."

"Jembe ndilo lililotumika," Babu akasema. "Unadhani nani aliyekuwa akichimba?"

Pale stesheni jukwaa lilikuwa kimya, mbuzi wawili na mama mmoja aliyekuwa akivuka njia kufupisha safari. Mlinzi alitusalimia kwa heshima na akatuambia kwa heshima hiyohiyo kwamba kupiga picha kunahitaji ruhusa ya ofisini, na ofisini siku ya Ijumaa karibu na saa ya swala ungemkuta nani. Mashabiki wetu walikaa kwenye kingo wakiwa wamenyong'onyea kama watoto walionyimwa pipi. Watoto wenyewe walikuwa na kazi: walikuwa wakitafuta uso.

Huu mchezo ulianza hapo na haukwisha mpaka tunaondoka. Bwana Mdogo anaamini kila kitu cha reli kina uso, ila vingine vimefichwa. Behewa la zamani la mizigo lililosimama kando lilikuwa na uso: vitasa viwili vya mlango ndiyo macho, na komeo la kati ndilo mdomo, umefungwa kwa sababu "amenuna". Tangi la maji lilikuwa limelala. Binti wa rafiki, ambaye hasemi sana, alionyesha kidole taa ya ishara akasema, "Huyu chongo."

Babu alisikiliza haya yote akiegemea fimbo. "Wamerogwa hawa," aliniambia.

Lakini tulipokuwa tunarudi nilimsikia akimweleza Bwana Mdogo, sauti ya chini, kwamba gari moshi likiwa na maji machache kwenye boila hubadilika mlio, na dereva mzuri hulijua hata akiwa amefumba macho, "kama mama yako alivyokujua una homa kabla hajakugusa."

Adhuhuri wanaume walikwenda msikitini. Alasiri mdogo wangu aliiba rangi ya kucha ya mpwa wake, nyekundu ya kung'aa, akaifuta ile 7 kwa pamba na kuandika 1 pande zote mbili. "Sasa unaweza kutoka naye mbele za watu," akamwambia mtoto. Dada mtu amedai alipwe elfu mbili.

Usiku bibi alituandalia mkate wa ajemi na maharage ya nazi. Sina zaidi la kusema juu ya mlo huo isipokuwa kwamba mazungumzo ya reli yalikoma kwa dakika kumi nzima.

Siku ya tatu, Jumamosi: Muheza, Tengeni, Sigi

Tulikodi Noah. Dereva alipotuhesabu alisema bei ni ya watu sita, sisi ni saba na Babu. Babu akasema yeye amekonda, ahesabiwe nusu. Wakaelewana.

Njia ya Muheza inakwenda na mkonge. Pongwe, Ngomeni, kisha mistari ile ya kijani kibichi iliyonyooka mpaka inaumiza macho. Babu alianza kusema bila kuulizwa. Baba yake aliletwa Tanga kama manamba, mtu wa namba, kukata mkonge kwa mkataba, na mkataba ulipokwisha hakurudi kwao. Kule mashambani, anasema, palikuwa na reli zake za vitoroli, nyembamba, za kubeba majani ya mkonge kutoka shambani mpaka korona, kwenye mashine ya kuchana singa. Mashamba mengine vitoroli vilivutwa na vichwa vidogo vya moshi, "vidogo hivi, unaweza kukikumbatia." Yeye na wenzake walikuwa wakiruka na kupanda kwa nyuma msimamizi akigeuka.

"Kwa hiyo ulikuwa na Tomasi!" Bwana Mdogo akapiga kelele.

Babu alifikiri. "Nilikuwa naye. Ila alikuwa mweusi, na alikuwa akitema cheche."

Hapo rafiki hakuweza kujizuia. Alisema hata kwenye hadithi za kasisi yule kuna magarimoshi ya njia nyembamba, na hakuyaokota hewani: mwaka 1952 mwenyewe alikwenda Wales akajitolea kazi kwenye reli ndogo ya Talyllyn, na mengi aliyoyaona pale akayaandika. Mdogo wangu akasema hilo kila mtu analijua. Nikasema mimi silijui. Dereva wa Noah akasema na yeye halijui. Tukampa rafiki ushindi.

Tengeni ndipo tulipokuja kupatafuta. Hapa, kwenye njia kuu, palichipuka tawi la reli nyembamba la kwenda Sigi, kilomita ishirini na tatu kuelekea milima ya Usambara Mashariki. Lilikamilika 1910 na kazi yake kubwa ilikuwa kushusha magogo kutoka msituni. Leo ukimwuliza mtu wa Tengeni reli ya Sigi iko wapi, atakuonyesha michungwa. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga machungwa kwenye matenga alitutembeza hatua kama mia mpaka kwenye kituta kilichoota nyasi, kimenyooka isivyo kawaida kwa kitu cha porini. Mashabiki walipiga magoti. Sitanii, walipiga magoti, wakapapasa udongo wakitafuta msumari wa taruma. Hawakuupata. Walipata kizibo cha soda.

Watoto walipewa machungwa na hawakutaka kuondoka. Machungwa ya Muheza yana ganda la kijani hata yakiiva, na mtoto wa Dar aliyezoea kuuziwa kwa rangi huyadharau kabla ya kuonja. Binti wa rafiki alikula matano.

Kupanda Sigi ni barabara ya vumbi na mawe, Noah ililalamika. Joto liliachwa chini, ukaja unyevu, harufu ya majani yaliyooza na, mahali fulani, iliki. Mto Sigi ukawa unasikika kabla haujaonekana. Pale kwenye lango la hifadhi ya Amani, nyumba ya zamani ya stesheni masta ingali imesimama. Imekarabatiwa na sasa ndimo wanamopokelea wageni. Hakuna reli mbele yake. Kuna nyumba ya stesheni na hakuna stesheni.

Bwana Mdogo alisimama mlangoni. "Stesheni masta ni yule mnene?"

Kwenye katuni kuna bwana mkubwa wa reli, mnene, mwenye kofia ndefu nyeusi, anayegomba injini zikikosea. Mhudumu wa hifadhi, kijana mwembamba kama mwanzi, alisema huyo ameenda likizo, kwa sasa yupo yeye. Mtoto akamkabidhi Tomasi amsajili. Na yule kijana, Mungu amzidishie, alifungua daftari la wageni, akauliza jina, akauliza anatoka wapi, akaandika. "Na kazi yake?" "Kuvuta." Akaandika kuvuta.

Amani yenyewe iko juu zaidi. Wadachi waliweka kituo cha utafiti wa kilimo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka pembe zote za dunia, na reli ya Sigi ilikuwa ikisogeza watu na mizigo karibu na kituo hicho. Tulifika mahali palipo na chai, tukapiga picha, mvua ikatunyeshea, tukashuka. Watoto walilala wote. Babu naye alilala, mdomo wazi, na dada mtu alinigusa bega kunionyesha: mikono yake miwili ilikuwa juu ya magoti, imekunjwa kama imeshika kitu.

Siku ya nne, Jumapili: Mnyusi na Korogwe

Leo ilikuwa lazima tuone kitu kinachotembea kwenye reli. Mdogo wangu alikuwa ameahidi, na Bwana Mdogo hasahau ahadi. Anaziweka akiba kama sarafu.

Asubuhi tulikwenda Mnyusi. Kwa mtu wa kawaida Mnyusi ni mahali pa kupita. Kwa hawa wawili ni kama Makka. Mwaka 1963 ndipo reli ya Tanga ilipounganishwa na reli ya kati, kwa kipande cha kutoka Ruvu mpaka hapa; kabla ya hapo mtu wa Tanga hakuweza kwenda Dar kwa treni ndani ya nchi yake. Treni ya abiria kutoka Dar ilipofufuliwa Desemba 2019 kwenda Moshi, na Oktoba mwaka uliofuata mpaka Arusha, ilipita kwenye kipande hiki. Wakati huo Babu alikwenda kuitazama Korogwe. Alisimama jukwaani, ikaja, ikaondoka, akarudi nyumbani kwa Coaster. Nilimuuliza kwa nini hakupanda. "Kwenda wapi?"

Tulikaa chini ya mwembe saa mbili na nusu. Nitawafupishia: hakuna kilichopita. Mbwa. Baiskeli iliyobeba mkaa. Kundi la akina mama wakienda kanisani kwa vitenge vya sare, wakiimba. Mdogo wangu alikuwa akiinama kila dakika tano na kuweka sikio kwenye reli, jambo aliloliona mahali fulani, mpaka Babu akamwambia hilo ni la kwenye sinema, na zaidi ya hayo reli imepata jua, ataungua.

Wakati wa kungoja Babu aliomba Tomasi. Akatoa mfukoni kipande cha kamba ya katani, akakichambua mpaka akabaki na nyuzi mbili, akazisokota juu ya paja kama wanavyofanya wasuka mikeka, akafunga mahali palipovunjika ndoano na kuunganisha lile behewa la kwanza. Kisha la pili. Alifanya polepole na fundo lake silijui. Bwana Mdogo alikuwa amemwegemea begani, anapumulia mkono wake.

"Ndoano ikikatika kilimani," Babu alisema, "mabehewa yanarudi nyuma yenyewe. Na nyuma kuna watu. Kwa hiyo hiki hapa ndicho kitu cha kwanza unachokitazama asubuhi. Si macho."

"Macho ni cha pili?"

"Haya. Macho ni cha pili."

Korogwe tulikula wali kwa kuku kwa mama lishe karibu na stendi, na hapo ndipo tuliposikia honi. Haikuwa ya basi. Mdogo wangu aliacha paja la kuku mezani, nimemshuhudia, akakimbia. Sote tukakimbia, Babu nyuma na fimbo, rafiki na binti shingoni, mama lishe akipiga kelele kwamba hatujalipa.

Kilikuwa kiberenge. Kiberenge cha mafundi, cha manjano, kimebeba wanaume watano wenye makoti ya kung'aa na mitarimbo, kinakwenda taratibu kama mtu aendaye sokoni bila hela. Hakikuwa na moshi wala behewa. Nilimtazama mwanangu nikijiandaa kwa kilio cha tatu.

Aliyeendesha alituona tumejipanga pembeni, watoto kwa wakubwa, tunahema. Akatoa kichwa nje ya dirisha la mbele, akacheka, akapiga honi mara mbili.

"Ana uso!" Bwana Mdogo akasema. "Yuko ndani!"

Kikapita. Mashabiki wawili walikuwa wamesahau kupiga picha.

Tulirudi kulipa.

Usiku, baada ya kuoga, mdogo wangu alinunua bando na watoto watatu wakajazana mkekani kutazama katuni kwenye simu. Hapo ukazuka ugomvi wa watu wazima. Rafiki anashikilia kwamba Thomas wa kweli ni yule wa zamani, aliyetengenezwa kwa vigarimoshi halisi vidogo, vikitembea kwenye reli halisi, na nyuso zikibandikwa na kubanduliwa kulingana na hasira au furaha, macho tu ndiyo yakizungushwa kwa mitambo. Kisha ikaja kompyuta. Kisha 2021 ikaja ya michoro bapa, vichwa vikubwa, injini zinaruka kama mipira. Hiyo, alisema, si treni, ni chapati. Mdogo wangu naye alisema watoto hawajali. Watoto hawakujali.

Babu alikuwa akipita kwenda kufunga mlango wa uani. Akasimama nyuma ya mkeka.

"Hebu simamisha hapo."

Kwenye kioo palikuwa na injini ya rangi ya chungwa, ya kike. Dada mtu akamweleza: huyu anaitwa Nia, ni Mwafrika, ametoka Kenya, ni rafiki wa Thomas. Aliletwa kwenye katuni 2018. Babu alichukua simu, akaisogeza mbali na macho kama wazee wanavyosoma barua.

"Gurudumu dogo. Makubwa matatu. Dogo. Matangi ya maji ubavuni, hakokoti tenda, lile behewa la makaa na maji." Alikuwa akihesabu kwa kidole. "Huyu namjua. Hii klasi kumi na moja."

Mdogo wangu alikaa wima. Ikawa zamu yake, na kwa mara ya kwanza safari nzima aliitumia taratibu. Ni kweli, akasema. Waliomchora Nia walimfuatisha injini za Reli ya Kenya na Uganda, zilizoundwa Uingereza na Vulcan Foundry kuanzia 1926, na shirika la Afrika Mashariki lilipoundwa 1948 zikaingizwa klasi ya 11.

"Niliziona Nairobi nilipokwenda kozi," Babu akasema. "Zilikuwa za kupanga mabehewa. Rangi hii hatukupaka kamwe, zilikuwa nyekundu iliyokoza, kama damu ya mzee." Akarudisha simu. "Mdomo lakini ulimstahili. Kwenye kona alikuwa na kelele huyu!"

"Babu," Bwana Mdogo akauliza, "Nia yuko darasa la kumi na moja?"

"Klasi."

"Hakuna darasa la kumi na moja," dada yake akamkatisha, "ni fomu."

Babu akaketi kwenye mkeka. Alitazama sehemu nne. Kwenye kila moja alikuwa na malalamiko: wamesimama palipo na ishara ya kijani, wamesukuma mabehewa bila mtu wa kuashiria, dereva wao yuko wapi. Bibi alikuja kumwita akalale, akakuta hatumsikii.

Siku ya tano, Jumatatu: Kange

Tanga waja leo waondoka leo, husema watu. Sisi tumejitahidi tukakaa siku tano. Basi la saa mbili asubuhi. Bibi alitufungia mihogo ya kukaanga na chupa mbili za maziwa, nikijua kabisa zitamwagika kabla ya Segera.

Babu alitusindikiza mpaka Kange. Tulipokuwa tunapakia mizigo aliingiza mkono kwenye mfuko wa kanzu akamtoa Tomasi, ambaye mtoto alikuwa amemtafuta tangu alfajiri mpaka nikaanza kupandisha presha. Vibehewa viwili vilining'inia nyuma kwa ile kamba ya katani.

Mdogo wangu alikiona kwanza. "Baba! Namba umefanya nini?"

Karibu na ile 1 nyekundu aliyoiandika yeye kwa uangalifu wote, palikuwa na 1 nyingine, imepinda, rangi bado mbichi. Pande zote mbili. Kwenye kucha ya kidole gumba cha Babu palikuwa na doa jekundu.

"Kumi na moja," Babu alisema.

"Lakini Thomas ni—"

"Huyu ni wa Tanga."

Konda alikuwa akigonga ubavu wa basi, twende, twende. Bwana Mdogo alikaa dirishani, akaweka namba kwenye kioo ili Babu aione kutoka nje, na akaisoma kwa sauti kama anavyosoma chekechea, kidole juu ya kila tarakimu: "Moja. Moja."